Kogo Ameondoka ili Unga Ututoshe

Jumamosi. Mvua ilianza saa saba mchana na mpaka sasa haijakatika. Baridi ya hapa Eldoret siku kama hii inaingia mpaka ndani ya soksi. Watoto wako chumbani wamejifunika blanketi moja. Mimi nimekaa jikoni, maharagwe yanachemka, naandika kwa simu kwa sababu sina mtu wa kumwambia.

Leo mama mkwe wangu amerudi kwake Kesses. Ameondoka kwa sababu yangu.

Haya, nimeliandika. Sasa nieleze vizuri.

Tunaishi nyumba ya vyumba viwili hapa Kapsoya. Mimi nafundisha chekechea katika shule ndogo ya binafsi. Baba Jerop, mume wangu, ni fundi wa mawe. Nyumba waliyokuwa wakijenga hapa mjini ilisimama mwenye nayo alipoishiwa, kwa hiyo tangu mwezi wa Aprili yuko upande wa Kitale akitafuta vibarua. Akilipwa anatuma kitu. Asipolipwa anapiga simu, anauliza watoto wako aje, halafu mmoja wetu anasema haya basi.

Watoto ni watatu. Jerop ana miaka kumi na tatu, Kiptoo yuko darasa la tatu, na Chela ana miaka minne. Na Kogo, yaani nyanya yao. Mimi pia humwita Kogo, nilimzoea hivyo tangu Jerop aanze kuongea.

Mshahara wangu ukitoa kodi ya nyumba na karo, kinachobaki cha chakula hata nikiwa usingizini nakijua. Nanunua mara moja, mwanzo wa mwezi: mahindi ya kupimiwa kwa mkebe wa gorogoro, napeleka kisiagi yasagwe, maharagwe, mafuta ya kupimiwa, sukari, majani ya chai, sabuni. Kinachobaki ni cha mboga ya sukuma na maziwa ya kila siku. Unga unakaa kwenye ndoo nyeupe iliyokuwa ya rangi, Baba Jerop aliileta kutoka kazini. Kando ya ndoo nimechora mistari minne kwa kalamu ya shule. Kila mstari ni wiki moja. Unga ukishuka chini ya mstari kabla ya Jumapili, wiki inayofuata tunakula uji jioni na ninawaambia watoto uji unajenga mifupa.

Watu wa mbali hudhani huku mahindi ni ya bure. Kweli yamejaa. Malori yanapita nayo barabarani kila siku.

Hata Kogo mwenyewe hana mahindi mwaka huu, na ni mwanamke aliyelima maisha yake yote. Mumewe, Mzee, alipougua, shamba lilikodishwa ili hospitali ilipwe. Mzee alifariki, shamba likabaki kwa mtu mwingine mpaka misimu waliyokubaliana iishe. Kogo akabaki na nyumba, jiko la kuni na jicho la kushoto ambalo limeingia ukungu. Pia ana presha. Ndiyo maana alikuja kwetu miezi miwili iliyopita, aweze kuhudhuria kliniki hapa mjini mpaka wamwambie siku ya kulipasua hilo jicho.

Alikuja na nusu gunia la mahindi aliyopewa na ndugu yake, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na kuku aliyefungwa miguu. Kuku tulimla Jumapili ile ile. Tulicheka sana siku hiyo. Chela aliimba.

Mahindi yake yaliisha. Nusu gunia kwa watu watano si kitu cha ajabu kuisha. Lakini mwezi huu ndio wa kwanza kwa Kogo kula kutoka kwenye ndoo yangu, na mistari yangu niliichora kabla hajaja. Sikuichora upya. Sijui nilifikiri nini. Nadhani niliogopa kuona ingefika wapi.

Sasa Jumatano.

Nilitoka shule nikiwa na njaa. Mchana sili siku hizi. Nawaambia walimu wenzangu nafunga na kuomba, na mmoja ameanza kunitolea ushuhuda. Nilipofungua mlango nilisikia harufu ya chapati. Mate yalinijaa mdomoni, halafu papo hapo nikasimama pale mlangoni, kwa sababu katika nyumba yangu hakukuwa na unga wa ngano wa kuchezea. Kulikuwa na pakiti moja. Nilikuwa nimeificha nyuma ya sufuria kubwa, ya mwisho wa mwezi, ya siku ambayo kila kitu kingine kimeisha.

Kogo alikuwa amekaa mezani, uso umefunguka. Watoto wote watatu walikuwa hapo, midomo inang'aa mafuta.

"Mgeni wangu ametoka sasa hivi tu," akaniambia. "Tuliolewa mwaka mmoja kule nyumbani, mimi na yeye. Alisikia kanisani kwamba niko hapa, akanitafuta mpaka akanipata. Tulikuwa hatujaonana tangu tukiwa na meno!"

Akacheka. Kogo hacheki ovyo.

Mimi sikucheka. Nilienda moja kwa moja jikoni. Maziwa ya jioni na ya asubuhi yote yalikuwa yameingia kwenye chai ya mgeni. Mafuta yalikuwa yamebaki ya kupaka kidole. Nikafunua ndoo. Unga ulikuwa chini ya mstari wa tatu, na ilikuwa Jumatano.

"Kogo, unga umeenda wapi?"

"Nilimfungia kidogo," akasema. "Angetokaje mikono mitupu? Ametembea."

Kwa watu wa umri wake, mtu aliyekuja kukusalimia hatoki mlangoni bila kufungiwa kitu. Ninajua. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Mama yangu angefanya hivyo hivyo, na kama ningekuwa na gunia ningefanya hivyo pia.

Lakini nilirudi pale mezani nikiwa nimeshika mfuniko wa ndoo na nikasema, mbele ya watoto, "Kogo, hapa si kwako shambani. Hapa kila kijiko kinanunuliwa na anayenunua ni mimi peke yangu. Unagawa unga ni wako? Wewe unakula tu. Hujui kinatoka wapi."

Wewe unakula tu.

Nimeiandika jinsi nilivyoisema. Sijaongeza wala sijapunguza.

Kiptoo aliacha kutafuna. Kogo alinitazama kwa lile jicho moja linaloona, akatazama meza, akainua sahani iliyokuwa imefunikwa na sahani nyingine. Ndani kulikuwa na chapati mbili. Alikuwa ameniwekea.

"Sikujua hali imefika hapo, mama," akasema. "Nisamehe."

Mama mkwe wangu aliniomba msamaha. Mwanamke aliyenipokea nikiwa na mimba ya Jerop, ambaye wakati huo wote hakuniacha nibebe maji hata siku moja. Nami sikusema hapana Kogo, ni mimi wa kuomba. Nilichukua sahani nikaenda kukaa jikoni peke yangu, na zile chapati nilizila zote mbili nikiwa bado na hasira. Zilikuwa laini. Nilipomaliza nililamba mafuta kwenye vidole.

Alhamisi jioni niliposonga ugali Kogo alisema tumbo limekataa, angekunywa maji ya moto tu. Nikasema sawa.

Ijumaa asubuhi alikunywa chai ya rangi. Nilipofika jioni, Jerop alinivuta nje, pale tunapoanika nguo.

"Mum, Kogo hajala tangu juzi."

"Tumbo linamsumbua."

"Si tumbo. Mchana nikija na Chela, anampa chakula chake. Akiona namwangalia anasema mzee hasikii njaa."

Nikaingia, nikapakua ugali na sukuma, nikampelekea mwenyewe mpaka kitandani alipokuwa amekaa. Alishukuru. Aliishika ile sahani kwa mikono miwili, akauliza habari za shule, tukaongea kidogo kuhusu mvua. Baadaye niliikuta jikoni imefunikwa vizuri, hajaigusa, ugali umekauka ukingoni.

Ningeweza kurudi pale kitandani. Ningeweza kupiga magoti nimwambie Kogo, tafadhali kula, nilikosa. Ni hatua sita kutoka jikoni. Sikwenda. Nilijiambia nimechoka na kweli nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimesimama na watoto arobaini tangu asubuhi. Lakini kuna kingine, na nikikificha hapa sijui nitakisema wapi.

Nilipokuwa nikisonga ule ugali wa Ijumaa nilipima pungufu ya kawaida. Ukatosha. Watoto walikula wakaacha. Nikatazama ndani ya ndoo, na kwa mara ya kwanza wiki hii moyo wangu ukatulia.

Ulitulia kwa sababu bibi mzee hakula.

Leo asubuhi niliamka nikakuta Kogo ameshaoga. Alikuwa amejifunga kitambaa chake cha kijani, blanketi limekunjwa, begi liko mlangoni. Dawa zake za presha zilikuwa kwenye mfuko wa karatasi juu ya begi. Dawa zile aliambiwa zimezwe mtu akiwa amekula.

"Nitaenda nyumbani leo kabla ya mvua," akasema, kama mtu anayesema ataenda sokoni.

"Na kliniki? Ni wiki ijayo."

"Jicho haliumi. Linaona vya kutosha."

"Kaa, Kogo," nikasema.

Nilisema mara moja. Kwetu mgeni akitaka kuondoka unamshika mkono, unamficha begi, unawaita watoto walie, mnabishana mpaka jua linakuwa kali na anakubali kulala siku moja zaidi. Mimi nilisema kaa mara moja, kwa sauti ya chini, halafu nikaenda kutafuta viatu vyangu ili nimsindikize.

Alinisikia vizuri sana. Mtu akiishi miaka yote hiyo anajua kaa ya kweli na kaa ya mdomo.

Tulitembea mpaka kwenye boda mimi na yeye. Nilimbebea begi. Lilikuwa jepesi. Barabara ilikuwa na matope na nilimshika kiwiko upande wa lile jicho lisiloona. Nilikuwa na mia mbili mfukoni, ya mboga na maziwa ya leo na kesho, na njia nzima nilikuwa nikiwaza, nikimpa nauli watoto watakula nini, nisipompa nitakuwa mtu wa aina gani. Tulipofika nilikuwa bado sijatoa mkono mfukoni.

Yeye alifungua fundo la leso yake akatoa nauli yake. Halafu akatoa noti ya mia, akaiweka kwenye kiganja changu akanikunja vidole.

"Ya maziwa ya watoto. Yale niliyomaliza."

"Hapana, Kogo, hapana, hii ni yako, utahitaji."

"Nitahitaji ya nini? Niko peke yangu."

Niliichukua. Ilinunua maziwa ya leo.

Kisha akasema jambo ambalo limekaa kifuani mwangu tangu saa tatu asubuhi. "Usimwambie Kimutai maneno ya Jumatano. Hasira yake unaijua, na yuko mbali. Mwambie nimekumbuka kuku wangu."

Kimutai ndiye mume wangu. Na Kogo hana kuku. Wa mwisho tulimla sisi.

Yule kijana wa boda alimsaidia kupanda, akaahidi kumfikisha mpaka kwenye magari ya Kesses na kumbebea begi. Kogo hakugeuka nyuma. Alikuwa ameshika kitambaa chake kisipeperuke.

Baba Jerop alipiga simu saa sita. Bado hawajalipwa, msimamizi amesema Jumatatu. Akauliza mama yake.

"Ameenda nyumbani," nikasema. "Amekumbuka kuku wake."

Akacheka. "Huyo mama na kuku wake! Ungemzuia kidogo, kliniki ipite."

"Nilijaribu," nikasema.

Basi hapo nilidanganya mara mbili ndani ya dakika moja, na ule uongo wa kwanza nilipewa na Kogo mwenyewe.

Mchana nilipika. Chela alitazama sahani zilizopangwa mezani akazihesabu kwa kidole kama ninavyowafundisha shuleni. Moja, mbili, tatu, nne.

"Nitakula ya Kogo?" akauliza.

Hakuwa na ubaya wowote. Kwake yeye, Kogo ni mtu anayekupa chakula chake, na sasa hayupo, basi chakula kiko wapi? Nikamwongezea. Kiptoo naye akasukuma sahani mbele, nikamwongezea. Kilikuwepo cha kuongeza.

Jerop hakugusa. Alikaa na mikono mapajani. Nilimwambia ale, chakula kinapoa. Akaniuliza, si kwa ukorofi, aliuliza kama mtu anayetaka kujua, "Mum, siku moja hata mimi utaniambia ninakula tu?"

Nilitaka kusema wewe ni mtoto wangu, haiwezekani. Lakini Jerop ana miaka kumi na tatu. Alikuwa mezani Jumatano na aliona jinsi ilivyowezekana.

"Kula," nikasema.

Alikula kidogo, akaosha vyombo vyote bila kuagizwa, akaingia chumbani na wenzake. Mpaka sasa hajatoka.

Tangu hapo nimekaa nikitafuta mahali pa kuvuta kitu. Mwalimu mkuu alishanipa mshahara wa mbele mwezi uliopita na aliniambia kwa upole kwamba nisirudi tena na ombi hilo mwaka huu. Mama wa duka alikuwa ananiandika kwenye kitabu, sasa ameweka karatasi ukutani kwamba hakopeshi, na akiniona naisoma anaangalia kando. Nimewaza kuacha kununua sukari. Nimewaza kumtoa Chela shuleni, lakini Chela anasoma bure kwa sababu yangu, na kule wanampa uji saa nne. Nikiigeuza hesabu hivi, inakataa. Nikiigeuza vile, inakataa. Mtu akiniambia nipange bajeti vizuri nitamkaribisha aje apange.

Na hata kama ningetoka sasa hivi kwenye mvua hii nikamfuata Kogo, nikamwomba msamaha mbele ya majirani zake wote, akanisamehe, kwa sababu najua atanisamehe, akarudi na begi lake, unga kwenye ndoo ungekuwa ule ule.

Hilo ndilo linanimaliza. Nilikosa, na kosa langu linatulisha.

Saa nane simu ililia, namba nisiyoijua. Alikuwa Kogo. Simu yake haina chaji, alikuwa ameazima ya jirani.

"Nimefika," akasema. "Mvua ilinikuta langoni tu. Watoto wamekula?"

"Wamekula, Kogo."

"Wameshiba?"

"Wameshiba."

"Na wewe?"

"Nimekula pia. Na wewe je, umekula?"

"Nimekula," akasema upesi. Nyuma yake nilisikia mvua kwenye mabati na mlango ukigongwa na upepo. Sikusikia moto. Sikusikia sufuria. Mtu aliyefika sasa hivi kwenye nyumba iliyofungwa miezi miwili, kuni zimelowa, amekula nini?

Sikumuuliza. Nilijua nikimuuliza angetafuta jibu la kunifurahisha, na nisingevumilia kumsikia akilitafuta.

"Kogo," nikasema, "ile Jumatano..."

"Chaji ya watu inaisha, mama," akasema. "Wasalimie watoto." Akakata.

Maharagwe yanakaribia kuiva. Yatatosha leo, na yatabaki ya kesho.

Mshahara ni Ijumaa ya wiki kesho. Nimeamua. Ukiingia tu, hata kabla sijapita sokoni, nitaenda Kesses, nitapiga magoti, nitamrudisha kabla hajapoteza zamu yake ya kliniki kabisa. Naandika hapa ili nisije nikajifanya sikusema.

Lakini nikishamrudisha na kumketisha pale mezani, nitampa nini mwezi ujao ambacho mwezi huu sikuwa nacho?